Majina Yanayonitoka

Ijumaa, 14 Januari 1944

Theluji ya majimaji tangu alfajiri. Safari ya ndege zetu kwenda Ujerumani imefutwa saa sita mchana. Vijana wakashangilia, kisha wakaona haya kwamba wameshangilia. Soseji za leo ni mkate mtupu ndani ya ngozi.

Jambo moja dogo. Nikielekea bwaloni nilipishana na sajini mmoja, mpiga bunduki wa mkiani, mtu wa Yorkshire, mwenye mwanya. Akanipigia saluti. Jina lake likanitoka. Mimi! Nawajua wote mia moja na arobaini, na wengi wao hata jina la mama. Ndilo sharti nililojiwekea siku nilipokabidhiwa kikosi: kama humjui mtu jina, huna haki ya kumtuma Ujerumani. Nikamwambia, habari za leo, kijana, nikapita kama mgeni. Uzee huo. Miaka ishirini na tisa!

Ijumaa, 21 Januari

Jana zilitoka ndege kumi na sita na zimerudi kumi na sita. Mara ya kwanza mwaka huu. Nilifurahi mapema mno.

Ndege moja ilitua ikiwa na tundu mkiani, si kubwa kuliko sahani. Wote sita wa mbele wazima, hawana hata mkwaruzo, wanamwita mwenzao wa nyuma ashuke wakanywe chai. Hakushuka. Birtwhistle, msaidizi wangu wa ofisini, ambaye mguu mmoja aliuacha kwenye vita iliyopita, aliniletea faili niandike barua kwa mama wa marehemu. Picha juu: yule mwenye mwanya. Pickersgill. Naam, Pickersgill! Linawezaje kumtoka mtu jina kama hilo?

Barua nimeiandika kwa mkono. Nimeirudia mara tatu.

Jumapili, 23 Januari

Sipendi ninachokiandika.

Ijumaa, kwenye mkutano wa maelekezo kabla ya kuruka, nilitaka kumuuliza swali mwongoza njia mmoja, Mkanada, mstari wa tatu. Nikanyoosha kidole. Kinywa wazi, jina hakuna. Nikamgeuzia swali jirani yake.

Ndege yao iliangukia baharini ikirudi. Boti ya doria imewaokota sita ndani ya boti ya mpira, wamelowa, wanatetemeka, lakini hai. Wa saba hayupo. Wanasema alipanda botini pamoja nao, kila mmoja ana hakika kwamba alimshika mkono. Kulipopambazuka walijihesabu wakawa sita.

Sikuhitaji kuuliza ni nani.

Jumatano, 26 Januari

Nilimwendea daktari, Rennie. Nikajifanya ni mzaha. Alinimulika machoni kwa tochi na kusema silali, basi, na kwamba mtu asiyelala husahau majina, tena angeshangaa kama nisingesahau. Akanipa vidonge. Mskoti mwenye akili timamu, namshukuru. Nikatoka nikiwa mwepesi.

Mlangoni nikageuka kumuaga. Rennie, nikasema. Kwa sauti, kama mpumbavu. Akacheka. Mimi nilikuwa napima kama jina lake bado ninalo.

Alhamisi, 27 Januari

Berlin tena. Nikaifunika orodha ya marubani na kuisoma kwa kichwa. Ndege A, fulani. B, fulani. Yote yanakuja. Nikafika K.

Ninamwona. Nywele nyekundu, mabega ya mpiga makasia, ananyoa vibaya. Ana safari ishirini na tisa. Ya leo ni ya thelathini, kisha anapumzishwa, anarudi nyumbani. Najua hata kwamba anaogopa farasi. Jina, hakuna. Nikafunua karatasi, nikalisoma, nikafunika. Likapotea tena. Mara nne!

Nimemtoa. Nimesema injini za K zina hitilafu. Mahali pake nimemweka Maitland wa Dunedin, kwa sababu moja tu: jina la Maitland ninalo, na la mama yake, Isobel, na la mbwa wao. Nilijiambia yuko salama. Niliamini hivyo kweli.

Kijana wa K alikuja ofisini akiwa ameshavaa buti za kurukia. "Injini zangu zina nini, afande? Fundi anasema hazina kitu."

Nikamwambia amri ni amri. Alinitazama kana kwamba nimemwibia.

Ijumaa, 28 Januari

Maitland hajarudi.

Mafuta yake yalikuwa ya kufika saa nane za usiku. Nimekaa mnarani hadi kumekucha, na jina lake nilikuwa nalo kichwani muda wote, zima, halikutikisika hata kidogo.

Basi hakuna kanuni. Nimeota tu, nami nimewaua watu saba kwa ndoto yangu. Au kanuni ipo, nikaivunja, na hivi ndivyo inavyodai. Sijui lipi linanitia hofu zaidi.

Birtwhistle aliniuliza kwa nini nilimtoa yule wa K. Akasema yeye haulizi kwa ajili ya faili, anauliza kwa sababu vijana wanaulizana. Watu wa K wanakula peke yao. Hakuna aliyewafukuza mezani. Wenzao wanamaliza upesi tu na kuondoka. Leo kijana alipewa yai na mpishi, yai la wanaotoka safari, kwa huruma. Alilisukuma.

Jumapili, 30 Januari

Berlin. Kila chenye mabawa kitoke, ndiyo amri.

Kijana alinisubiri mlangoni asubuhi. "Ukiniacha tena, afande, siwezi kukaa na watu hawa. Bora unipeleke jela."

Nimemweka. Ana haki yake. Jina nimelinakili kwenye orodha herufi moja moja, kama mtoto anayechora, na kabla sijaweka kalamu chini halikuwepo. Hapa sitalinakili. Likija, lije lenyewe.

Lakini sitamtuma. Nitakwenda naye, mtu wa nane, nisimame nyuma ya kiti chake. Makao makuu wamenikataza, safari niliyoruhusiwa mwezi huu nilishaitumia. Nilimwambia Birtwhistle. Alisema atasema hakuniona, akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Saa kumi na nusu. Naandika chini ya bawa la K, vidole vimeganda. Dakika ishirini bado. Wengine wanakojolea gurudumu la nyuma, kama desturi. Nilidhani nitaogopa. Siogopi sana.

Kijana anajaza karatasi ya waliomo ndani, ile anayoachiwa fundi. Majina saba ameyaandika mbio mbio. La nane, kalamu imesimama. Anaitazama karatasi. Ananitazama mimi.

"Samahani, afande. Upuuzi mtupu. Miezi minane niko chini yako." Amekuwa mwekundu hadi masikioni. "Jina lako limenitoka."

Coverdale! Limekuja pale pale. Wilfred Coverdale, wa Whitby, baba yake anauza samaki, mama yake ni Hester. Limetulia mahali pake kana kwamba halijawahi kwenda popote. Nimefurahi. Mungu anisamehe, nimefurahi kiasi cha kutaka kumkumbatia. Baadaye kidogo ndipo nikaelewa: limerudi lake, limetoka langu.

Nimemtajia langu, polepole, herufi kwa herufi. Ameliandika. Fundi anapiga kelele tupande. Coverdale hapandi, bado ameshika kalamu, anaiangalia karatasi aliyoiandika mwenyewe sasa hivi. Ananiomba nimtajie tena