Funga Zangu za Jumatatu

Jumatatu, 14 Julai
Nimefunga tena. Suruali nne za shule nimemaliza kushona. Shehe alipita kibarazani, akanisifu mbele ya wateja kwamba fundi wao hakosi sunna ya kufunga Jumatatu na Alhamisi. Nikainamia cherehani. Sunna gani. Jana nilikula mikate miwili mizima kwenye chumba cha vitambaa, nimesimama, komeo nimeweka. Leo najiadhibu.

Jumatano, 16 Julai
Niliapa mkate hauingii tena dukani. Saa kumi nilishanunua, nikaumaliza. Sikusikia hata ladha. Mlevi ana nafuu, ananuka na watu wanajua.

Alhamisi, 17 Julai
Funga. Mke wangu Zuhura kaniandalia magimbi ya nazi. Kasema anajivunia mume mcha Mungu. Nikafuturu bila kumtazama.

Jumatatu, 21 Julai
Nilikuwa nampima mteja mabega. Nikazinduka niko sakafuni. Zahanati, tabibu aliuliza nimekula nini. Zuhura akanijibia: "Huyu anafunga sana, ni mtu wa ibada." Nikashindwa kunyamaza. Nilisema yote, mke wangu kasimama palepale.

Nilidhani dawa ya mkate ni kujinyima. Tabibu kasema kujinyima ndiko kunakouchochea ugonjwa. Nikishinda na njaa, mwili unalipiza. Nile mara tatu kila siku, hata kesho yake baada ya kuvimbiwa. Na nimwone mshauri hospitali kila wiki.

Kurudi nyumbani Zuhura alitangulia, akaniacha nyuma.

Jumanne, 22 Julai
Kanuna. Jioni akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nampikia nani futari?" Nikaomba radhi. Akaleta wali na mchicha, akakaa mpaka nikamaliza. Hasira bado anazo. Lakini alikaa.

Alhamisi, 31 Julai
Nimekunywa chai kibarazani mchana. Shehe kaniona. Nikamwambia naumwa, nimekatazwa kufunga.
"Mgonjwa ana ruhusa, fundi. Pona kwanza." Akaenda zake.
Miaka mitatu naogopa jambo lililochukua dakika moja.

Jumatatu, 4 Agosti
Jana niliteleza. Mkate mzima. Nilimwambia Zuhura mwenyewe kabla hajauliza. Leo asubuhi nimekunywa uji kama kawaida. Hilo ndilo lililokuwa gumu.

Jumapili, 24 Agosti
Tumepanda Kinole kwa mama mkwe. Ukungu umechelewa kuondoka mlimani. Alipika ndizi na maharage, sufuria kubwa. Nilikula sahani moja, nikaongeza nusu. Nikashiba. Kisha mimi na Zuhura tukakaa uani kuchambua pilipili manga zilizoanikwa, tukicheka habari za shangazi yake. Mama mkwe akachungulia, akauliza kama nitamalizia zile ndizi.

Nilikuwa nimesahau kwamba zimebaki.