Jumapili Hii Dada Ataanzisha Wimbo, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu ufunge kitabu cha nyimbo katikati ya mazoezi, useme, "Napumzika kidogo," na usiinuke tena kwenye kile kiti.

Wanafunzi walikuita Mzee Bado, maana hata wimbo utoke vizuri namna gani, ulisema, "Bado. Tena." Mchana ulikuwa fundi wa maabara ya chuo, jioni mwalimu wa kwaya, miaka thelathini na mmoja. Mlianza watu saba, mkiimba stoo katikati ya chupa za maabara, kanisa la chuo likiwa halijaezekwa. Kinanda hakikuwepo, ukawa unawapa sauti ya kuanzia kwa mdomo. Kinanda kilipokuja, mliendelea vilevile.

Sasa kwaya iko mikononi mwa binti yako mkubwa, na tunaogopa. Wamebaki kumi na mmoja, nyimbo wanasomea kwenye simu, mitihani ikiisha wanapotea. Jumapili ya kwanza baada ya kukuzika, dada alianzisha wimbo juu mno. Ubeti wa pili waimbaji wa sauti ya kwanza wakakwama, kwaya nzima ikanyamaza mbele ya watu. Tangu hapo wanaanza na kinanda.

Jumapili hii, kwenye ibada ya kukukumbuka, mchungaji ameomba waanze kwa mdomo. Dada amesema wakikwama tena anarudisha funguo za chumba cha kwaya, na hakuna mwingine wa kuzipokea. Wiki nzima chakula hakimpiti. Mama anajifanya haoni, huku chai anaitia chumvi.

Jana alikuja bawabu wa chuo, yule mwimbaji wako wa besi wa tangu stoo.

"Mwanangu," alimwambia dada, "baba yako hakuwahi kuipata ile sauti ya kuanzia mwenyewe. Mimi nilikuwa namvumia kwa nyuma, polepole, ndipo anaipokea."

"Sasa siku ile mbona ulinyamaza?"

"Hukugeuka. Baba yako alikuwa anageuka kwanza."

Kumbe, Baba. Na vile ulivyokuwa ukitutambia sikio lako. Tulicheka sana, kisha Mama akalia.

Hofu haijaisha, usidhani. Lakini asubuhi hii tumemkuta dada jikoni, amesimama mbele ya sinki, anageuza shingo kuelekea mlangoni, anasubiri, anarudia.

"Bado," anajiambia. "Tena."

Tunaokukumbuka ni mkeo, watoto wako watatu, wajukuu, kwaya yako, na yeye anayesimama nyuma. Hatutakusahau kamwe, Mzee Bado.