Kiti cha Nne Kinaona Nini

Jumatatu, 3 Machi

Skrini mpya imefungwa leo. Kubwa kama geti – watu sita wameibeba. Fundi wake kanieleza mara tatu, mara ya tatu nikaitikia tu ili aende zake.

Ni hivi. Ukumbi una viti kumi na viwili vya ndugu wanaosubiri wagonjwa walio kwenye upasuaji. Kila kiti kinaona picha yake. Wa kwanza anamwona daktari kasimama mbele yake mzimamzima, utadhani ametoka ukutani. Wa pili anamwona daktari huyohuyo, ila na habari za mgonjwa wake yeye. Sauti hakuna. Maneno yanaandikwa miguuni pa daktari. Siri ya mtu inabaki ya mtu.

Nikauliza, na mimi mhudumu nikisimama hapa mlangoni naona nini? Fundi akacheka. Samaki. Wanaogelea tu. Miaka tisa kazini, nimepandishwa cheo hadi kutazama samaki.

Jumatano, 5 Machi

Fundi kaninong'oneza: daktari walimpiga picha siku moja, vitendo vitatu basi. Mikono nyuma – bado, subiri. Dole gumba juu – ametoka salama. Cha tatu anavua kofia na kunyoosha mkono kuelekea kile chumba kidogo cha pembeni, ambako daktari wa kweli anakuja kuongea nawe. Nikauliza nani alibuni hilo la kofia. Kikao, akasema.

Sasa nasoma nyuso. Daktari simwoni, namwona anayemwona. Leo kofia imevuliwa mara moja. Nilijua kabla mama aliyevuliwa hajasimama.

Ijumaa, 7 Machi

Kosa ni langu. Lote.

Asubuhi nilisukuma viti nipige deki. Kuvirudisha, nikavirudisha kwa macho, si kwa zile alama nyeupe za sakafuni. Safu nzima ikasogea. Bwana mmoja fundi bomba, kiti cha saba, akaona dole gumba la kiti cha nane. Akanikumbatia! Akampigia simu shemeji yake, akampigia shangazi, akawaambia waanze kupika. Saa nzima ya furaha. Kisha muuguzi akaja kumwita kwa mdomo, na simu bado iko sikioni. Aliyefariki ni mke wake.

Maji yamemwagika, hayazoleki. Msimamizi hakunifokea, na bora angenifokea. Kasema taratibu: viti vikae kwenye alama, usibanduke mlangoni, usikalie kiti cha mtu, usichungulie. Nililia chooni hadi kwikwi. Yule bwana akitoka aliniambia asante. Asante ya nini?

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu anapasuliwa Jumanne. Valvu ya moyo. Wiki hii hata ngazi tatu za mlangoni anazipanda kwa awamu, anazipa majina kama vituo vya basi. Anacheka, sisi tunacheka, kisha kila mtu anatafuta kitu cha kufanya jikoni.

Mama anataka kukaa ukumbini yeye. Nimemzaa mimi, nitamsubiri mimi. Nikamwambia, mama, kule kuna maandishi. Mama hakusoma. Akanikata: nitaangalia picha, macho ninayo.

Nikamfundisha. Mikono nyuma, bado. Dole gumba, salama. Akauliza, basi? Nikasema basi. Kofia sikumwambia.

Mdogo wangu alikuwa anasikiliza kutoka kitandani. Akasema nikivisukuma viti siku yake atanirudia usiku anivute miguu. Nimempiga na mto.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwomba msimamizi nikae na mama kesho. Kasema kiti kimoja, ndugu mmoja. Nikaomba basi nipewe likizo. Mwenzangu wa zamu anaumwa, mlango hauna mtu. Nikaomba wamtume muuguzi kwa mama, asiachiwe skrini. Kasema wakianza na mmoja watataka wote. Anasema kweli, ndilo linaloniudhi. Nitakuwa hatua kumi kutoka kwa mama, natazama samaki.

Jumanne, 11 Machi

Saa mbili asubuhi. Viti nimevipanga kwa rula. Nimepima mara mbili. Mdogo wangu ameingia, akanipungia na mguu kwa sababu mikono ina mipira ya dripu. Mama kiti cha nne, pochi magotini.

Saa nne. Mama kanigeukia, kaweka mikono nyuma kunionyesha. Bado. Vizuri.

Saa tano na nusu. Bado. Mzee wa kiti cha tatu amelala mdomo wazi. Dada wa kiti cha tano anafuma sweta ya mtoto. Samaki wa njano kapita mara mia.

Saa sita na robo. Mama amekaa wima. Anatabasamu. Anaitikia kwa kichwa, vile anavyomwitikia mgeni mwenye heshima. Ananiita, ukumbi mzima unasikia: "Mwanangu, huyu daktari wenu ana adabu. Amenivulia kofia."

Naandika ili nisiende. Msimamizi ananitazama.

Nimeangalia miguu ya kiti. Naomba niwe nimekosea tena. Naomba iwe imesogea, habari iwe ya yule mzee, iwe ya yule dada wa sweta – Mungu anisamehe, nimelitaka kweli. Miguu minne, alama nne. Haijatoka hata unywele. Nilipima mwenyewe.

Mama amesimama. Anaweka mtandio sawa. Anaelekea chumba kidogo, ananiuliza kama avue viatu au aingie navyo