Bapa la Siméon

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua tangu alfajiri. Hakuna aliyeniletea kufuli wala mwamvuli nitengeneze. Aliyekuja ni Machibya tu, yule mfugaji, na kisu cha kukunja. Ati cha babu yake, cha enzi za Mjerumani! Nikakifungua. Kutu nyekundu, laini, ya wiki mbili. Kinanuka samadi – alikifukia zizini. Kutu ya miaka ni nyeusi, imelala juu ya chuma kama ngozi. Nikamwambia babu yako alikuwa mtu wa ajabu, kisu cha Mjerumani kimeandikwa China. Akacheka mpaka akakaa chini. Ati alikuwa ananipima tu.

Ninavyo arobaini na kimoja sasa, vyote vya zamani. Mke wangu Yustina anasema: visu arobaini na kimoja, nyama hamna.

Saa tisa simu ya Prisila, kutoka Kakese. Hospitali wamemrudisha mume wake, rafiki yangu Siméon, nyumbani, akapumzike. Sote tunajua kupumzika huko. Kisha: shemeji, anaulizia kisu chake.

Nikasema kipo.

Jumanne, 4 Machi

Hakipo. Niandike basi, hapa hasomi mtu.

Siméon alikileta miaka minne iliyopita. Wanawe walikuwa wanachunia nyaya nacho. Akasema fundi, wewe unavijua, nitunzie. Cha kukunja, cha kutoka Burundi, cha Wabelgiji. Mpini mweusi wa pembe, umepasuka. Bapa limenolewa mpaka likawa jembamba kama jani la muhindi mchanga, na mhuri wa kiwanda umebaki herufi nne. Sijawahi kushika chuma kama kile.

Mwaka juzi akapita mzungu mmoja anaenda mbugani. Pita, au Piter. Kwao Poland, au Uholanzi – sikuuliza vizuri, macho yangu yalikuwa kwenye kisu chake, chenye mabapa manne. Akalipenda bapa la Siméon, mpini hakuutaka. Nikalichomoa. Nikalipiga tupa kwenye shina, pale linaposhikwa na mpini, ili liingie kwenye mpini mwingine mzuri. Tukabadilishana, yeye bapa, mimi kisu chake. Kwenye mpini wa Siméon nikatia bapa la kisu kilichokufa.

Nilijiambia hatakiulizia. Mtu akikaa kimya miaka miwili, unaanza kumsaidia kusahau.

Jumatano, 5 Machi

Nimelichonga lile bapa la uongo lifanane. Jiwe, ndimu, majivu ya jikoni. Yustina karudi kanisani na msalaba wake wa majivu kwenye paji, kanikuta nasugua. Akaangalia kisu, akaniangalia mimi.

– Baba Dina, na wewe umepaka majivu. Ila umekosea pa kupaka.

Machibya alitumia samadi. Angalau yeye alikuwa anatania.

Alhamisi, 6 Machi

Kakese. Pikipiki imezama tope mara mbili. Siméon amebaki macho na mifupa. Amenisalimia kwa utani wetu wa siku zote: fundi, umekuja kupima kama nimeota kutu?

Kisu kilikuwa mfukoni mwangu. Nikasema nimekisahau nyumbani! Ulimi ulikwenda wenyewe. Akasema haidhuru, kimekaa kwako miaka minne, siku mbili ni nini.

Halafu akanieleza. Sikuwahi kumuuliza – nilimuuliza mhuri tu. Mei sabini na mbili walikuwa wanakimbia mauaji ya Burundi. Mama yake akamzaa njiani, kabla ya mto wa mpakani. Baba yake akakata kitovu kwa kisu kile. Mama hakuvuka.

– Aliniona kidogo tu, fundi. Sasa nina mvi. Atanijuaje? Nataka nizikwe nacho. Nikifika, nitamwonyesha.

Prisila akatoka nje. Mimi nikaangalia paa.

Ijumaa, 7 Machi

Sikufungua kibanda. Yustina nimemweleza yote. Akaendelea kuchambua mchele, muda mrefu. Akasema: ukimwambia, wewe unatua mzigo, yeye anabebeshwa. Usipomwambia, anakwenda kwa mama yake na kisu cha mtu mwingine. Chagua.

Sijui kama ilikuwa hekima au hasira. Naona vyote.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempelekea. Vidole havina nguvu, akaniomba nikifungue. Akafumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye makali. Kwenda. Kurudi. Kikasimama katikati.

– Hapa palikuwa na pengo. Baba alifungulia kopo.

Nikasema nililinoa, pengo likaisha. Ee Mungu, nililisema bila hata kukohoa!

Kisha akauliza, taratibu, kama anayemuuliza mtoto: ulipokuwa unalinoa, ule unga wa chuma ulianguka wapi?

Nikasema chini ya meza yangu.

– Basi niletee huo.

Hakunitazama. Kisu alikiacha juu ya blanketi, upande wangu.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda misa. Meza nimeihamisha. Sakafu ya udongo, tangu zamani nafagia juu juu tu. Na ni kweli – shina la bapa lile nililipigia tupa hapa hapa. Unga wake upo. Upo humu.

Nimefunga sumaku ya spika mbovu ndani ya kitambaa, napitisha. Inaibuka na ndevu nyeusi. Lakini humu nimechonga funguo za mtaa wetu mzima wa Nsemulwa, minyororo, majembe, na juzi bapa la uongo. Sumaku haibagui. Nimejaza nusu ya kiberiti. Labda punje tatu ni zake. Labda hata moja hamna.

Yustina karudi kutoka kanisani. Amepiga magoti na gauni lake la Jumapili, anachimbua udongo kwa kijiko upande wa ukutani, ananimiminia. Nimepumzika kidogo kuandika, mgongo unauma. Anasema pale ukutani ndipo peusi zaidi, niache daftari nilete sumaku –

Pikipiki imesimama nje, imejaa tope la njia ya Kakese. Mimi sijaita pikipiki.