Nilidhani Animesheni Ni Kuimba

Hajati Madinah wa redio yetu, nakusalimu kwa heshima. Naomba unisikilize na jina langu ulifiche, maana nimechoka mpaka hata kulia kunanishinda.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na tangu utotoni nimekuwa animatrisi wa kwaya yetu ya parokia, yaani yule anayesimama mbele, anaanzisha wimbo, anapiga vigelegele na kuwaamsha hata wazee waliosinzia, na kazi hiyo kwetu tunaiita animasiyo, ndiyo maana wafadhili waliponipa nafasi ya kusoma shahada Mbarara, nikaona kati ya kozi zao kuna "Animation", nikaichagua papo hapo bila kumwuliza mtu, na mama zetu wa kwaya wakanifanyia karamu ya maharage na ndizi.

Hajati, ni katuni. Ni kuchora vikaragosi kwenye kompyuta mpaka macho yaume. Siku ya kwanza tuliambiwa tuchore mpira unaodunda, nikadhani ni utangulizi, nikasubiri, nikasubiri tena, mwisho nikanyoosha mkono nikauliza, "Mwalimu, kuimba tunaanza siku gani?" Darasa zima likaangua kicheko, na sasa wananiita Kwaya.

Ofisi ya chuo imeniambia naweza kubadili kozi kabla mwezi haujaisha, na kuna ualimu wa muziki, lakini naogopa wafadhili wataniona mjinga wanirudishe kambini, na Hamim, kijana wa hapa mjini anayepiga kinanda kwenye bendi ya hoteli, ananiambia, "Wewe wacha hiyo kusoma, dada. Sauti iko. Kuja tu tuimbe, digrii itasaidia wewe nini?" na baba kila nikimpigia simu anapaza sauti mbele ya watu, "Mutoto yangu anasoma animasiyo kule Mbarara, akirudi atatuimbisha bote!" nami naitikia tu ndiyo, baba. Siku hizi nikifungua mdomo kuimba, sauti haitoki. Nisome nini, Hajati, ili niishi kwa kuimba?

Mwimbaji, Nyamitanga, Mbarara

JIBU

Mwanangu, nimecheka, Mungu anisamehe, kisha nikakuhurumia. Kukosea neno si dhambi; Kifaransa na Kiingereza vimewachanganya wakubwa kuliko wewe. Kosa lako ni kwamba hukuuliza mapema, halafu ukakaa na huo mpira unaodunda kwa sababu ya aibu. Kuuliza si ujinga.

Sasa sikiliza. Hakuna shahada itakayokufanya mwimbaji. Hapo Hamim kasema kweli, ila hakukwambia kwamba hoteli ikikosa wageni bendi inalala njaa, na kwamba mwimbaji asiyejua kusoma nota anaimba vile mpiga kinanda anavyotaka. Chukua ualimu wa muziki. Lakini kabla hujatia saini, nenda ukae viti vya nyuma darasani mwao siku moja, uone kama vinanda vipo na kama watu wanaimba kweli au wananakili tu historia ya muziki ubaoni. Safari hii usidanganywe na jina. Jumamosi na likizo ndizo siku bendi huitwa harusini. Hapo kaimbe na Hamim mpaka koo likauke, ujue kama jukwaa linakutaka au wewe ndiye unayelitaka peke yako. Wafadhili waambie kwa kifupi: "Kwetu neno hili lina maana nyingine." Usilie, usijieleze sana. Wamesikia mengi hao.

Anayekutisha hasa ni baba yako, na ndiye aliyekukaba hiyo sauti bila kujua. Mweleze. Atafoka, majirani watacheka, kisha yatakwisha. Sisi wazazi nasi huchoka kukasirika.

Jina lako nimelificha. Nilikutumia ujumbe mara mbili, nikakusihi umwambie kabla sijaisoma barua hii redioni, ukanyamaza. Haya, redio hii Nakivale inasikika vizuri, na msichana wa kwaya aliyekwenda Mbarara kusomea animasiyo ni mmoja tu. Baba yako ameshajua, mwanangu. Simu ikilia, pokea.