Baridi Aliyoishika Mama Yako

Ndugu yangu Shomari,

Nakusalimu, ingawa sijui salamu hizi zitapita njia gani mpaka zikufikie. Nimekaa kibarazani kwa mama yako hapa Temeke, alasiri, na mvua za vuli zimeanza. Upepo ukipiga bati la jirani nashtuka, na watu wanashangaa mtu mzima kushtushwa na upepo. Siwaelezi. Niwaeleze nini? Wewe ungejua, na wewe ndiye hupo.

Nimerudi, Shomari. Nimerudi peke yangu.

Nakumbuka tulivyofika kule kaskazini ya Uingereza majani yakiwa bado mitini, mekundu kama kutu. Kisha yakaanza kuanguka, kila siku mengi zaidi, mpaka miti yote ya barabara ile ikabaki mifupa. Ulisimama mbele ya nyumba ya Bwana Ali, yule Myemeni aliyetupangisha chumba, ukamuuliza kama miti imepatwa na ugonjwa. Bwana Ali alicheka mpaka akakohoa. Akasema imelala tu, itaamka. Hukumwamini. Tulipoingia ndani ukaniambia kwa sauti ya chini, "Mti uliokauka hivi, kwetu tungeukata kuni."

Na jua lao. Lilikuwa linachelewa kutoka, linapita chini chini juu ya mapaa kama mtu asiyetaka kuonekana, na hatujaweka sawa mikeka ya kuswalia alasiri limeshakwenda. Siku za ukungu tulizisikia meli zikilia bandarini wala hatuzioni. Wewe ulikuwa ukifanya mzaha na kila kitu. Ulivaa soksi mikononi. Ulilala na kofia. Ukiamka unauliza kama Wazungu hawa walitumwa na mtu kuja kukaa hapa au walijileta wenyewe.

Meli yetu ilikuwa ikibeba makaa pwani ile ile, inatoka na kurudi, na sie wawili tulikuwa chini kabisa, tukichochea moto wa mashine. Kule chini kulikuwa kwetu. Joto la tanuri, ulisema, ni la Temeke kabisa, linakosa vumbi tu. Ilikuwa kupanda juu ndiko tulikokuogopa.

Dhoruba ya kwanza ya majira yao ya baridi ilitukuta tukirudi. Taa za mji tuliziona, na zile kuta mbili za mawe zinazokinga mlango wa bandari tuliziona pia, lakini mawimbi yalikuwa yakiruka juu yake na kuzimeza. Nahodha hakuthubutu kuingia. Tukabaki nje, tukipandishwa na kushushwa, upepo unalia katika kamba kama watu wanaozika. Mvua ilikuja ya ubavuni, imechanganyika na vipande vya barafu.

Majivu yalijaa kule chini. Ilikuwa zamu yako kuyapandisha juu na kuyamwaga baharini. Ulikwenda na fulana yako imelowa jasho, maana nani angevaa koti mbele ya tanuri? Uliporudi ulikuwa umelowa kutoka kichwani mpaka miguuni, chumvi na barafu vimeganda katika nyusi. Ulikuwa unacheka. Ukasema wimbi limekuja kukusalimia mpaka mlangoni. Kisha meno yakaanza kugongana, ukashindwa kumaliza maneno.

Tulipoingia bandarini, kifua kilikuwa kimeshakushika. Daktari aliyeletwa na Bwana Ali alisema ni kichomi. Nilikaa nawe. Nilikupa uji, ukaukataa. Nilikuwekea matofali ya moto yaliyofungwa kwa kitambaa miguuni pako, kama Bwana Ali alivyonifundisha. Dhoruba ya pili ikaja na kung'oa vigae vya nyumba ya jirani, vikawa vinapasuka barabarani kimoja kimoja, nawe kwa kila kimoja unauliza nani anavunja vyungu vya mama.

Uliondoka alasiri. Nje kulikuwa giza kama usiku. Nilikuwa nimekushika mkono, na nilifikiri umelala.

Sikiliza sasa mambo usiyoyajua.

Hukuoshwa na wageni, Shomari. Mabaharia wa Kiyemeni na wa Kisomali wa mtaa ule walikuja wote, hata wale tusiowahi kupeana nao mkono. Bwana Ali alichemsha maji mwenyewe. Walikuosha taratibu, wakakufukiza ubani, wakakuswalia. Kaburini nilishuka mimi. Udongo wa juu ulikuwa mgumu kama jiwe, na chini kulikuwa na maji yaliyonifika kwenye vifundo vya miguu. Nilitandaza mbao ili usilale majini. Wachimba kaburi Wazungu walisimama pembeni, wamevua kofia, na mvua ile ya barafu inawapiga vichwani.

Nilibaki kule mpaka nikapata meli ya kurudi. Na nikuambie jambo jingine. Ile miti iliamka. Asubuhi moja niliona machipukizi ya kijani katika matawi, nikakaa pale ukingoni mwa barabara nikalia mbele za watu.

Mama yako alikuwa ameshapata habari. Karani wa wakala wa meli alimtuma mtu kumwambia, na arobaini yako ilikwishasomwa nilipofika. Nilimkuta ameketi ukumbini, miyaa imerundikwa kando yake, ukili wa mkeka aliokuwa akisuka umeachwa katikati. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akatazama nyuma ya bega langu kama anayengoja mwenzangu aingie. Kisha akainama. Tulilia. Tuliendelea hivyo mpaka majirani wakaja kutunyamazisha.

Siku zilizofuata aliniuliza mambo kidogo kidogo. Nani alikuosha. Sanda ilikuwa ya kitambaa gani. Maji yalikuwa ya moto? Nikamwambia yalikuwa ya moto. Akashukuru. Ila habari ya baridi haikumwingia. Nilimweleza maji yanavyoganda barabarani, watu wanayakanyaga, akatikisa kichwa.

"Mie baridi niijuayo ni ya asubuhi za kipupwe," akasema. "Ukijifunika khanga mbili imekwisha. Mwanangu hakuwa na cha kujifunika?"

Swali hilo lilinichoma. Alikuwa anakuona umelala uchi mahali, Shomari, na sie wenzio tunakutazama. Nikamwambia ulikuwa na mablanketi, na koti langu juu yake. Halafu akaniuliza kama mjini barafu hupatikana. Nikamwambia ipo, kiwandani, ya kuwekea samaki na vinywaji vya Wazungu.

"Niletee niishike."

Nilikwenda. Nililifunga pande la barafu katika gunia lenye vumbi la mbao, nikalipakia kwenye baiskeli ya kuazima, nikashuka nalo kupitia Chang'ombe huku maji yananitiririka mgongoni. Lilipofika lilikuwa limebaki la ukubwa wa nazi. Mama yako alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka mapajani, akalishika.

Nilidhani ataliachia mara moja. Hakuliachia. Vidole vyake vile vya kusukia vilikakamaa, vikawa vinatetemeka. Nilimwomba aache, nikamwambia mama, inatosha. Hakunisikia. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Maji yakalowesha khanga, yakadondoka sakafuni, naye ameshika tu, mpaka barafu ikawa kipande kidogo, ikawa tone, ikaisha.

Akaitazama mikono yake. Alijaribu kukunja vidole, vikakataa.

"Ndiyo hivi?" akaniuliza.

Nikamjibu, "Ndiyo hivi, mama. Ila ni mwili mzima, na upepo juu yake."

Kisha akasema, "Basi mwanangu alivumilia," akasimama kwenda kutia ubani kwenye chetezo.

Hajaniuliza tena habari ya baridi. Siku chache baadaye niliamka nikamkuta anausuka ule ukili. Nguo zako amezigawa kwa vijana wa mtaani, isipokuwa ile kanzu ya Idi, ameikunja na kuilalia. Anakula, kidogo. Mie nimepanga chumba cha uani humu humu nyumbani kwake, na nimepata kazi ya upakuzi bandarini. Wakala ameniita mara mbili nirudi melini, nimemwambia siwezi. Wala si kwa kuogopa bahari.

Leo mchana mvua ilipoanza, mama yako alikuwa ananipakulia wali. Akaacha upawa chunguni. Akasema, wala hakunitazama, kwamba katika kulia kwake kote kuna jambo moja alikuwa hajaliambia mtu. Mume hana, ndugu wa kiume hana, alikuwa na wewe tu. "Najiuliza nani atashuka kunipokea," akasema.

Nikala ule wali kwa kuulazimisha, nikatoka hapa kibarazani, nikatafuta karatasi.

Jibu naliandika kwako kwanza, kwa kuwa nafasi hiyo ni yako, na kesho asubuhi nitamwambia mwenyewe. Nitashuka mimi. Siku yake ikifika, Mungu aicheleweshe, nitaingia kaburini nimpokee kwa mikono yangu miwili, nimlaze ubavu wa kulia, nimwelekeze kibla, nimfungue fundo la sanda usoni, yote kama ambavyo ungefanya wewe. Udongo wa huku ni mchanga, hauna maji, na una joto hata mvua ikinyesha.

Kwaheri, ndugu yangu. Mungu akuondolee baridi.

Mimi nduguyo,
Athumani