Jicho la Haji Mbele ya Sheria ya Wachina

Sanyuanli, Guangzhou

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima zote, shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umetulia, kifua kimepoa na usingizi umerudi. Mimi mzima, alhamdulillahi, ingawa mwili umepungua. Msimu wa unyevu umeingia huku, kuta zinatoa jasho, nguo hazikauki, na ukilala ni kama umelalia kitambaa cha dekio. Usiwe na wasiwasi kuhusu chakula. Chini ya nyumba ninayopanga yuko Muislamu wa kaskazini anayeuza tambi za nyama, na akiniona nimenyong'onyea huniongezea mchuzi bila kuniuliza.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu, maana kwenye simu utanikatiza, na jambo hili nataka ulisikie mpaka mwisho. Haji ameniruhusu. Amesema afadhali ulisikie kwangu kuliko kwake.

Mama, jicho la Haji halikutolewa na kipande cha jiwe. Lilitolewa na mtu.

Pale kwenye karakana ya kukata marumaru nje ya Dar, alipokuwa akifanya kazi mdogo wangu, msimamizi alikuwa Mchina mmoja aitwaye Liang. Siku hiyo mwenzake Haji, yule Saidi wa Tanga uliyemkaribisha futari, alizidiwa na vumbi akaanguka. Haji akazima mashine bila ruhusa, akambeba kumtoa nje apate hewa. Liang akaja anafoka kwamba jiwe limeharibika katikati, akaokota chuma na kumpiga nacho Haji usoni. Wafanyakazi wote waliona. Walikwenda polisi jioni ile ile, lakini kabla maelezo hayajakamilika Liang alikuwa ameshapanda ndege. Jalada likalala. Kila Saidi alipokwenda kuuliza aliambiwa mtuhumiwa hayupo nchini. Wewe ndiyo kwanza ulikuwa umetoka hospitali, kwa hiyo Haji akakwambia ni jiwe, na wenzake wakamfichia.

Mimi niliambiwa ukweli na Saidi wakati nasubiri majibu ya ufadhili wa masomo. Nilipewa nafasi ya kuchagua mji. Nikamuuliza Saidi yule Liang ni mtu wa wapi, akasema wa mkoa wa Guangdong, ukoo wao wauza mawe. Basi nikachagua Guangzhou. Wewe ulinisomea dua ukiamini nakwenda kusoma sheria. Nimesoma kweli, mama. Lakini nilikuja kumtafuta mtu.

Mwaka wa kwanza niliumaliza kwenye lugha. Wa pili nikaingia darasa la historia ya sheria la Profesa Shen, mama mfupi mwenye nywele nyeupe, asiyeachana na chupa yake ya chai. Siku moja alitupeleka Shamian, kisiwa kidogo mjini humu chenye majumba ya Kizungu, akatusomesha tumesimama chini ya balozi za zamani. Alisema wafanyabiashara wa Ulaya walipokuja hapa zamani, aliyeua mtu alitakiwa kuhukumiwa kwa sheria ya mfalme wa China. Wao wakaikataa sheria hiyo, wakasema ni ya kishenzi. Katika vita vya kasumba, yaani afyuni waliyokuwa wakiiuza, wakaishinda China na kumlazimisha mfalme atie saini mikataba. Toka hapo Mzungu aliyemdhuru Mchina katika ardhi ya China alihukumiwa na balozi wake mwenyewe, kwa sheria ya kwao. Wengi waliachiwa. Wengine walipanda meli tu wakaenda zao. Mambo hayo yamepita zamani, lakini Profesa aliyasimulia kama mtu aliyeibiwa jana, na wanafunzi wenzangu wa Kichina walikuwa wamekunja nyuso.

Nikanyoosha mkono. Nikasema hata kwetu Unguja, enzi za Sultani, mabalozi wa kigeni waliwahukumu watu wao wenyewe, na mwenyeji aliyedhulumiwa alikwenda kupiga hodi kwa ndugu wa aliyemdhulumu. Profesa akanitazama sana. Nami moyoni nikasema, sasa zamu imegeuka. Mtu wenu ametenda kwetu, akapanda ndege.

Nilimpata Liang kwenye maonyesho ya biashara kule Pazhou. Huwa nafanya ukalimani kwa wanunuzi wetu, na siku hiyo nilikuwa na Papa Kalala, Mkongo wa Lubumbashi anayejenga hoteli, anatafuta marumaru. Tuliingia kibanda cha tatu au cha nne, mwenyewe akainuka kutukaribisha chai. Picha yake nilikuwa nayo kwenye simu tangu Dar. Alikuwa amenenepa, lakini ni yeye.

Papa Kalala akamweleza kwa fahari kwamba mimi ni Mtanzania. Liang akachangamka, akanipa mkono, akasema, "Jambo, rafiki! Nimekaa Tanzania. Watu wazuri sana."

Niliushika mkono ule, mama. Nikatabasamu. Nikamuuliza kwa nini aliondoka, akasema joto lilimshinda. Tukakaa. Birika la maji yanayochemka lilikuwa mezani mbele yangu, na uso wake ulikuwa karibu kiasi kwamba ningenyanyua mkono tu. Nilipiga hesabu. Wallahi nilipiga hesabu, na mkono wangu ulikuwa tayari umelishika birika. Papa Kalala akasema, "Maman Zuhura, mwulize, prix ya mwisho ni ngapi?" Nikaliachia. Nikamtafsiria bei, nikapokea kadi ya Liang yenye anwani, nikaondoka nayo.

Siku iliyofuata nilimfuata Profesa Shen ofisini nikamwambia yote, hata habari ya birika. Hakunikemea. Alinisimulia kisa cha baharia mmoja Mwingereza wa zamani hapa Canton, kama Wazungu walivyouita mji huu, aliyefyatua mzinga wa salamu ukaua watu wa mashua. Wachina wakamdai mpaka wakakabidhiwa, wakamnyonga. Hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini Waingereza walilishika lile jambo kwa miaka na miaka, wakisema tazameni sheria ya Wachina ilivyo, hatuwezi kuwapa watu wetu. Ikawa ndiyo hoja yao walipokuja kudai mahakama zao.

"Ungemmwagia maji," akasema, "leo tungekuwa tunazungumza habari za jicho lake yeye. La mdogo wako lingesahaulika."

Kisha akanieleza nisilolijua. China haimtoi raia wake akahukumiwe nchi nyingine, kwa hiyo nisahau kumwona Liang akirudishwa Dar. Ila sheria yao hiyo hiyo inasema raia wa China akitenda kosa kubwa ugenini anaweza kushtakiwa hapa nyumbani, na kumpofua mtu jicho ni kosa kubwa. Nilimuuliza kama kweli hufanyika. Akasema hufanyika mtu akisukuma. Mimi nilikuwa nimekuja kusukuma.

Tulikwenda pamoja kituo cha polisi cha mji wa Liang. Afisa, kijana mpole, alisoma maelezo yangu akasema hili ni jambo la Tanzania. Profesa hakupandisha sauti. Alimuuliza kama shuleni alifundishwa historia ya mikataba ile ya kudhalilishwa. Kijana akasema kila mtoto wa China anaijua. Profesa akamwambia, "Walituumiza nyumbani kwetu, kisha wakatuambia nendeni mkashtaki kwao. Sasa huyu binti amekuja kushtaki kwetu. Umwambie nini?" Yule afisa aliinamisha kichwa, kisha akachukua kalamu.

Kazi yenyewe ilichukua muda mrefu. Maelezo ya daktari na ya mashahidi yalipita wizara za nchi zote mbili, yakagongwa mihuri, yakatafsiriwa, yakarudishwa, yakatumwa tena. Saidi alihojiwa Dar. Na huku nilianza kutengwa. Mzee Sudi, mwenzetu wa Kariakoo mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo pale Tianxiu Dasha, jengo la maduka ya Waafrika, aliniita akanikalisha kama mwanawe. Alisema nchi hizi mbili ni marafiki tangu enzi za wazee wetu, na haifai mtu mmoja auchafue urafiki huo. Akasema polisi wataanza kukagua pasi, viza zitabana. "Wewe utamaliza masomo urudi kwenu, Zuhura. Sisi tunabaki hapa na hasira zao." Nilimjibu kwa adabu kwamba urafiki usioweza kubeba jicho la Haji si wangu. Tangu siku hiyo wafanyabiashara wengi waliacha kuniita ukalimani. Simlaumu Mzee Sudi sana, ana watu wanaomtegemea. Lakini sikwenda tena ofisini kwake, na salamu zake nazipokea mlangoni.

Liang alikamatwa. Mwanasheria wake alimwambia mkewe kwamba huku aliyeumizwa akitoa hati ya msamaha, adhabu hupunguzwa. Mke akanitafuta. Tulikutana kwenye hoteli ndogo ya chai, mwanamke mwembamba, amevaa vizuri, macho yamevimba. Aliahidi fidia na kila kitu. Alinishika mikono akasema mumewe hakuwa mtu mbaya, ni ugenini kulikomharibu. Nilimhurumia, mama, sitakudanganya. Lakini kumhurumia yeye hakukuipunguza chuki yangu kwa mumewe hata chembe.

Nilimpigia Haji pale pale. Haji unamjua. Alisema kwa uchovu, "Dada, waandikie tu, yaishe." Nikamwambia nitaandika, kwa sharti kwamba kwanza amwone Liang na Liang amwone yeye, kisha aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Akakubali. Nilifanya hivyo makusudi. Nilijua akimwona hatasamehe.

Mahakamani Haji alitokea kwenye skrini, amekaa katika ofisi ya wakili Dar, kavaa kanzu nyeupe uliyomshonea na miwani myeusi. Mimi sikuruhusiwa kutafsiri kwa kuwa ni ndugu. Mkalimani aliletwa kutoka Beijing, Mchina msomi wa Kiswahili. Wakili wa Liang alisema mengi: ilikuwa ajali, mashahidi ni wa mbali, kesi iachwe kwa Waafrika wenyewe. Hakimu alikuwa mwanamke, hakuonyesha kitu usoni. Alimgeukia Liang akamuuliza kama anamfahamu mtu huyu kwa jina. Liang aliitazama skrini. Mwishowe akasema, "Walikuwa wengi."

Haji alikuwa amefanya kazi chini yake karibu miaka miwili.

Hapo mdogo wangu akavua miwani. Hakuna aliyemwambia avue. Mke wa Liang akajifunika uso. Haji akasema polepole, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi mezani: "Naitwa Haji Makame. Ulinipiga kwa sababu nilimtoa mtu nje apate kuvuta pumzi. Leo ningemtoa tena. Nilitaka kukusamehe, nilikuwa nimechoka. Lakini hata jina langu hulijui. Sikusamehi."

Mkalimani alisita kidogo kwenye neno la mwisho, nikaogopa atalilainisha. Hakulilainisha. Alilitia Kichina kavu kama lilivyotoka, na Liang akainamisha kichwa. Nilikaa nikimtazama shingo yake, nikataka dakika ile iende taratibu.

Amefungwa miaka minne. Karakana ile ya Dar nasikia wameikabidhi kwa wengine.

Mama, watu husema kisasi hakishibishi. Mimi nilitoka pale nikanunua samaki mzima wa kuchemsha kwa tangawizi, nikala mpaka mifupa, nikalala mpaka mchana. Profesa Shen aliniuliza kama moyo umetua, nikamwambia umetua. Akasema basi sasa nianze kuandika tasnifu, kwa kuwa ufadhili una mwisho. Naandika juu ya mahakama za mabalozi, za Canton na za Unguja, na huenda nikapita.

Haji atakuja kwako Ijumaa. Atavua miwani, ameniahidi. Mtazame kama ulivyokuwa ukimtazama, na usimlilie, maana hicho ndicho alichokuwa akikikimbia.

Najua utakachosema. Utasema tumwachie Mungu, na kwamba yule mwanamke mwenye macho yaliyovimba naye ni mja. Ukitaka kumsamehe Liang, msamehe, ni haki yako wewe uliyemzaa Haji, na sitakuzuia. Ila mimi usiniombe, mama. Hilo moja usiniombe.

Nisalimie ami Khamis, mdogo wake marehemu baba, umwambie dawa ya magoti nimempa mtu anayerudi huko amletee. Nisalimie Bi Mwanakombo, shoga yako wa ukuta kwa ukuta, na wifi yangu mke wa Haji, ambaye alijua yote akanyamaza kwa ajili yako. Saidi mpe mkono wangu wa heshima.

Nakuombea afya na miaka mingi.

Ni mimi mwanao,
Zuhura binti Makame